Mayai Mangapi, Sukari Kiasi Gani: Kuhesabu Chakula kwa Kiingereza

Ukiagiza mayai dukani, mwenye duka atakuuliza, "Mangapi?" Ukiagiza sukari, atauliza, "Kiasi gani?" au "Kilo ngapi?" Hakuna mwalimu aliyekukalisha chini akufundishe tofauti hiyo. Unaijua tangu ulipokuwa ukitumwa dukani na sarafu kiganjani. Kwa hiyo somo la nomino zinazohesabika na zisizohesabika, ambalo huwasumbua wanafunzi wengi wa Kiingereza, sehemu yake kubwa unayo tayari mdomoni. Kilichobaki ni kujua wapi Kiswahili kitakushika mkono, wapi kitakupoteza, na wapi Kiingereza kinafuata mazoea yake tu.

Anza na hicho ulicho nacho. Panapofaa "-ngapi", Kiingereza husema "how many": mayai mangapi, "how many eggs". Panapotaka "kiasi gani", husema "how much": sukari kiasi gani, "how much sugar". Kipimo cha pili ni "-chache" na "kidogo". Mayai machache ni "a few eggs". Sukari kidogo ni "a little sugar". Hakuna anayesema "sukari chache", na ukijisikiliza vizuri, sikio lako la Kiswahili litakuzuia kusema "a few sugar".

Kinachotuangusha ni "-ingi". Neno hili hupokea vyote bila kubagua: mayai mengi, sukari nyingi, nyanya nyingi, chumvi nyingi. Anayeliwaza kabla ya kufungua mdomo hana kitu cha kumwambia achague "much" au "many", na ndipo tunaposikia "many rice" au "much tomatoes". Ukitaka kuchagua kati ya maneno hayo mawili, usianze na "-ingi". Geuza sentensi iwe swali kwanza, usikie kama inataka "-ngapi" au "kiasi gani". Na ukiwa na haraka, tumia "a lot of", ambayo hufanya kazi ileile ya "-ingi": "a lot of eggs", "a lot of sugar". Katika mazungumzo ya kawaida ndiyo inayosikika zaidi kwenye sentensi za kukubali. "I ate much rice" haisemwi kwa urahisi. "I ate a lot of rice" ndiyo lugha ya mezani.

Kanuni zenyewe ni chache. Nomino isiyohesabika haitanguliwi na "a" wala "an", haiongezwi "s" mwishoni, na kitenzi chake huwa cha umoja. "The rice is ready." Inayohesabika haiachwi peke yake ikiwa katika umoja: utasema "an egg", "the egg" au "my egg", lakini si "I want egg" unapotaka yai moja. "Some" inakubali pande zote mbili: "some eggs", "some rice".

Pale Kiswahili kinapokupoteza

Mkate ndio mtego wa kwanza, kwa sababu Kiswahili huuhesabu bila wasiwasi: mkate mmoja, mikate mitatu. Kiingereza hakiuhesabu. "Bread" ni kitu kama unga au nyama, na ukitaka idadi lazima utaje umbo: "a loaf of bread" ni mkate mzima, "a slice of bread" ni slesi. Kisa cha mikate mitano na samaki wawili kinaonyesha jambo hili wazi. Anayekisoma katika Biblia ya Kiingereza hukutana na "loaves" tano, si "breads" tano. Toleo la King James la 1611 huwaita wale samaki "fishes". Mtu wa leo angesema "two fish", maana "fish" kwa kawaida haibadiliki katika wingi. "Toast" nayo hufuata mkate: "a slice of toast" au "some toast", kamwe si "two toasts" ukiwa unaongelea kifungua kinywa.

Mtego wa pili uko kwenye maji, maziwa na mafuta. Maneno haya yana upatanisho wa wingi: maziwa yameharibika, mafuta yamechemka, maji yamekwisha. Aliyezoea "yameharibika" anaona ni haki kusema "the milk have gone bad". Kiingereza kinataka umoja: "the milk has gone bad", "the oil is hot", "the water is finished". Maharage yana upatanisho uleule wa "ya-", lakini huko Kiingereza nako ni wingi: "the beans are cooked". Kwa hiyo usitegemee kiambishi. Rudi kwenye kipimo cha "-ngapi". Maharage unaweza kuyahesabu punje kwa punje, japo hakuna mwenye muda huo. Maziwa huwezi.

Mtego wa tatu haufundishwi vya kutosha, nami nauona kuwa mkubwa kuliko yote, kwa sababu huwanasa hata wanaosema Kiingereza kizuri. Nyanya moja, nyanya kumi. Ndizi moja, ndizi kumi. Karoti, biskuti, soseji, chapati, sambusa: maneno haya hayabadiliki umbo yanapokuwa mengi. Mtu akiwaza kwa Kiswahili, husahau kwamba Kiingereza kinadai "s", akasema "two banana" au akaandika "a kilo of tomato" kwenye orodha ya manunuzi. Sahihi ni "two bananas" na "a kilo of tomatoes". Hapa weka sheria yako mwenyewe: baada ya kipimo, kinachohesabika huwa wingi na kisichohesabika hubaki kilivyo. "A kilo of onions, a kilo of rice. A tin of beans, a tin of milk." Yeyote anayeandika menyu, oda ya jikoni au tangazo la duka aipitie kazi yake mara ya pili akitafuta kosa hili moja tu.

Kisha kuna tunda. Sisi tunasema matunda na mboga. Uingereza, kampeni ya serikali ya 5 A Day, iliyoanza mwaka 2003, inawahimiza watu kula "fruit and vegetables": la kwanza halina "s", la pili linayo. Kila fungu huhesabiwa kuwa gramu 80. Ukila chungwa moja umekula "a piece of fruit", hata kama hukulikata. Marekani husema mara nyingi "fruits and vegetables", na wengi wa Afrika Mashariki pia husema hivyo. Hakuna aliyekosea, ila ukikutana na "fruit" isiyo na "s" kwenye mtihani wa mtindo wa Kiingereza cha Uingereza, usiikate.

Kitunguu maji na kitunguu saumu kwetu ni ndugu, na vyote vinahesabika. Kwa Kiingereza wametengana: "onion" inahesabika, "garlic" haihesabiki. Punje ni "a clove of garlic", kichwa kizima ni "a bulb" au "a head of garlic". Mchicha, ukiuita "spinach", hauhesabiki. Mahindi ya kuchoma utanunua mawili, lakini "maize" ya Waingereza na "corn" ya Wamarekani hazihesabiki. Kinachohesabiwa ni gunzi na punje zake, "a cob" au "an ear of corn". Kwa hiyo "two roasted maize cobs", si "two maizes".

Neno moja, sura mbili

Vitabu vingi vya shule hutoa orodha mbili, vinavyohesabika kushoto, visivyohesabika kulia, na kumwachia mwanafunzi azikariri. Naona njia hiyo inamdhulumu mwanafunzi. Majina mengi ya vyakula vya Kiingereza huishi pande zote mbili, na kinachoamua ni namna chakula kilivyo mbele ya msemaji: je, ni kitu kizima chenye mwanzo na mwisho wake, au ni sehemu ya kitu kisicho na mpaka?

Chukua kuku. "A chicken" ni kuku mzima, awe anadonoa uani au amelala kwenye sinia. "Chicken", bila "a", ni nyama ya kuku. Kwa Kiswahili ukisema "nimekula kuku", hakuna anayejua kama umekula paja au umemaliza wote, wala hakuna anayejali. Kwa Kiingereza "I ate chicken" ni mlo wa kawaida, na "I ate a chicken" ni habari nzito kidogo, kwa kuwa msikilizaji ataelewa kwamba umemaliza kuku mzima peke yako.

Samaki ni hivyohivyo. "He caught a fish", alivua samaki mmoja. "We had fish for lunch", tulikula samaki mchana. Mwana-kondoo naye: "a lamb" yuko malishoni, "lamb" iko sahanini. Lakini ng'ombe, nguruwe na kondoo mkubwa hawana taabu hii, na sababu yake ni ya kihistoria. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza. Wanyama wakabaki na majina yao ya kale, "cow", "pig", "sheep", na nyama zao zikapata majina yenye asili ya Kifaransa, "beef", "pork", "mutton". Majina hayo ya nyama hayahesabiki katika lugha ya kila siku: "some beef", "a kilo of pork". Pale ambapo mnyama na nyama wanatumia neno moja, kazi yote ya kutofautisha inabebwa na "a".

Wenye biashara ya nyama choma wapaangalie hapa. Kwenye menyu, "roast goat" au "goat meat" ni nyama ya mbuzi kwa kipande au kwa kilo. "A roast goat" ni mbuzi mzima wa kuchoma, wa aina inayoagizwa harusini. Mgeni akisoma la pili wakati unauza la kwanza, mtaelewana vibaya kwenye bei.

Vyakula vidogo hufuata mkondo huohuo. "An egg" ni yai. "There is egg on your shirt" ni kwamba shati lako lina alama ya yai, bila yai lolote la kuokota. "There are too many onions in this basket" inalalamikia idadi. "There is too much onion in this salad" inalalamikia ladha, hata kama kilichotumika ni kitunguu kimoja kikubwa. "A cake" ni keki nzima, "some cake" ni sehemu yake. "A cabbage" ni kabichi la sokoni, "cabbage" ni lililokwisha kukatwakatwa na kukaangwa. Viazi vya kupondwa Waingereza huviita zaidi "mashed potato", maana kiazi kimepoteza umbo lake. Wamarekani bado wanavikumbuka viazi vyenyewe na kusema "mashed potatoes".

Jambo hili hujitokeza sana unapotaja unachokipenda. Kinachohesabika hutajwa kwa wingi bila "the": "I like bananas", "I like eggs". Kisichohesabika hubaki kilivyo: "I like rice". Na penye sura mbili, uchaguzi wako hubadilisha maana. "I like chicken" ni mpenda nyama ya kuku. "I like chickens" ni mfugaji anayewafurahia kuku wake. Mtu akikuuliza unapenda kula nini, jibu la pili litamshangaza.

Kwenye mgahawa

Kitabu kitakuambia kwamba "coffee", "tea" na "water" hazihesabiki. Kisha utaajiriwa hotelini, Zanzibar au Mombasa au Dubai, na mteja wa kwanza atasema, "Two coffees and a water, please." Hajakosea. Mgahawani kikombe na chupa vinaeleweka bila kutajwa, kama sisi tunavyosema "leta chai mbili na soda tatu". Pokea oda hiyo kwa utulivu, na wewe pia unaweza kuirudia vilevile mbele ya mteja. "Two sugars" ni vijiko viwili, au pakiti mbili, za sukari katika kikombe. Njia hii huenda vizuri na vinywaji. Kwa wali na mkate, sema "two portions of rice" na "some more bread" unapozungumza na mgeni.

Wingi mwingine halali ni wa aina. "Cheese" haihesabiki, lakini "French cheeses" ni aina za jibini za Ufaransa. "Kenyan teas" ni aina za chai ya Kenya. Hata "foods" hupatikana kwa njia hii, kama kwetu chakula na vyakula: "foods rich in iron" ni vyakula vya aina mbalimbali vyenye madini ya chuma. Lakini chakula kilichoko mezani, hata kiwe sahani kumi, ni "food", na "the food is ready".

Vipimo

Ukitaka kuhesabu kisichohesabika, hesabu chombo au kipande chake. "A bottle of water", "a jar of honey", "a bag of flour", "a pinch of salt", "a piece of meat". Jozi hizi zijifunze kama zinavyotamkwa, kwa sababu nyingi haziwezi kukisiwa. Ndizi za chane moja mkulima huziita "a hand of bananas" na mkungu mzima "a bunch", ingawa mnunuzi wa dukani husema "a bunch" hata kwa chane. Mapishi ya Kimarekani yatakutajia "a stick of butter": ni gramu zipatazo 113, nusu kikombe. Vitabu vya Uingereza huandika gramu moja kwa moja. Mayai ni "a dozen eggs" na "two dozen eggs", bila "of" na bila "s" kwenye "dozen". Lakini trei ni "a tray of eggs" na kilo mbili ni "two kilos".

Kuna mahali "much" huambatana na kinachohesabika, na wanafunzi makini huogopa wakidhani ni kosa. Sokoni utauliza, "How much are these tomatoes?" Ni sahihi kabisa, kwa sababu unachokiulizia ni fedha, na fedha kwa Kiingereza haihesabiki. "How many tomatoes" ingeulizia idadi.

Mahali ambapo mantiki haipo

Adesi ni ndogo kama mchele, lakini "the lentils are cooked" na "the rice is cooked". Oti za uji wa wazungu ni wingi, "the oats are", na ngano ni umoja, "the wheat is". Tambi za "noodles" ni wingi. "Spaghetti" ni umoja, ingawa katika Kiitaliano, ilikotoka, neno hilo ni la wingi. Usitafute hekima hapa. Haya ndiyo yanayostahili kukaririwa, na si mengi.

Njegere zina kisa kinachofaa kukumbukwa. Zamani Waingereza walisema "pease", na neno hilo lilikuwa kama "rice" lilivyo leo. Sauti ya mwisho ikawadanganya watu wakadhani ni "s" ya wingi, na kufikia karne ya 17 walikuwa wamekwisha kuunda umoja mpya, "pea". Jina la kale limesalia kwenye chakula kiitwacho "pease pudding". Wenye lugha wenyewe, basi, wamewahi kuhamisha chakula kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kukusudia.

Na bado hawakubaliani kuhusu "less" na "fewer". Kanuni ya shule inasema "fewer eggs", "less sugar". Mwandishi Robert Baker aliandika mwaka 1770 kwamba yeye angependelea "fewer" kwa vitu vya idadi. Kabla yake watu walikuwa wametumia "less" kwa vyote kwa karne nyingi. Mwaka 2008, baada ya malalamiko kuhusu mabango ya madukani yenye "10 items or less", maduka ya Tesco ya Uingereza yalibadili maneno na kuandika "Up to 10 items". Kwenye mtihani na barua ya kazi, fuata kanuni. Ukimsikia Mwingereza akisema "less eggs", usimsahihishe.

Vyakula vyetu vinapoingia katika Kiingereza huchukua tabia zilezile. Ugali, pilau na biriani havihesabiki: "some ugali", "a plate of pilau". Chapati na sambusa hupewa "s": "two chapatis", "three samosas". Maandazi huandikwa "mandazi", na katika wingi utakutana na "mandazi" na "mandazis". Chagua moja, uishike hadi mwisho wa menyu. Uji ni "porridge", hivyo "a cup of porridge".

Kwa lolote lingine, fungua kamusi ya wanafunzi, ya Oxford, Cambridge au Longman, utazame herufi C na U kando ya neno. C ni kinachohesabika, U ni kisichohesabika. Kwa alama hizo tuna deni kwa A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani na kuwaandikia wanafunzi wa huko, pamoja na wenzake wawili, kamusi iliyotoka Tokyo mwaka 1942. Alielewa kwamba mgeni wa lugha anahitaji kuambiwa namna neno linavyotumika pamoja na maana yake. Oxford waliitoa tena mwaka 1948, na ndiyo mama wa kamusi wanayoitumia wanafunzi leo.

Unapoandika neno jipya kwenye daftari, usiliandike peke yake. Andika "a loaf of bread", "some garlic", "the lentils are", "two fish", ili likae kichwani pamoja na wenzake. Na kamusi ikikuonyesha C na U zote mbili kwa neno moja, kama itakavyofanya kwa "chicken", "cake" na "cabbage", soma maana ya kwanza na ya pili zote, kisha jiulize kama unachotaka kukitaja ni kizima au ni sehemu, kabla ya kuweka "a".